Kusinzia si ushahidi kwamba dawa ya aleji imekubali

Ukimwambia muuzaji wa duka la dawa, awe wa Mbagala au Kawangware, kwamba mwili unawasha, jibu la kwanza huwa ni lile lile: Piriton. Ukiuliza kama ipo nyingine, atakuonyesha setirizini, kisha ataongeza kwa nia njema kabisa kwamba ile ya kwanza "ndiyo kali". Ukali wenyewe unapimwa kwa usingizi. Mtu akimeza akalala fofofo, dawa imekubali. Akimeza akabaki macho, amepewa dawa hafifu, pengine hata feki. Kwa kipimo hicho watu huchagua dawa isiyowafaa, humpa mtoto dozi isiyo yake, na hupanda pikipiki alfajiri wakiwa nusu macho. Usingizi na nafuu ya aleji ni mambo mawili yanayotokea sehemu mbili tofauti za mwili, na dawa inaweza kuleta moja bila jingine.

Mwili unapokutana na kitu usichopatana nacho, iwe vumbi la godoro, sumu ya nyuki au kidonge fulani, seli maalumu zilizomo kwenye ngozi, puani na kwenye njia ya hewa hupasua vifuko vyake na kumwaga kemikali, mojawapo kuu ikiwa histamini. Histamini hushika vipokezi vinavyoitwa H1. Kwenye mishipa midogo ya damu, matokeo yake ni mishipa kutanuka na kuvuja maji, ndipo ngozi inapoumuka mabaka. Kwenye neva, matokeo ni mwasho na chafya. Antihistamini, yaani dawa za aleji kama Piriton na setirizini, hukalia vipokezi hivyo ili histamini ikose pa kushika. Haifuti histamini iliyokwisha kumwagika, wala haigusi kilichoianzisha. Ndiyo maana humsaidia zaidi aliyeimeza kabla ya kufagia stoo kuliko aliyeimeza baada ya kupiga chafya thelathini.

Ubongo nao una vipokezi vya H1, lakini huko histamini ina kazi nyingine kabisa: kutuweka macho na makini. Dawa za kizazi cha kwanza, yaani klofeniramini (ndiyo Piriton yenyewe), promethazini inayojulikana zaidi kwa jina la Phenergan, na difenihidramini iliyomo kwenye dawa nyingi za kikohozi, hupenya hadi ubongoni kwa urahisi. Zile za kizazi cha pili, yaani setirizini, loratadini na feksofenadini, huzuiwa mlangoni au hupenya kidogo sana. Watafiti wa Japani waliopiga picha za ubongo wa watu waliomeza dawa hizi waliona kwamba aina hai ya klofeniramini, miligramu 2 tu, hukalia takriban nusu ya vipokezi vya H1 ubongoni. Setirizini miligramu 10 ilikalia karibu sehemu moja ya nane, na feksofenadini karibu sifuri. Kwa hiyo anayesifu usingizi wa Piriton anasifu kiasi cha dawa kilichopotelea kichwani, mahali ambapo hakuna aleji ya kutibu. Na kama tunataka kusema ukali kwa haki, kwenye majaribio ya kuchoma histamini kidogo kwenye ngozi na kupima ukubwa wa uvimbe, setirizini huukandamiza vizuri kuliko loratadini, na hakuna sababu ya kuiona ndogo mbele ya Piriton.

Mapenzi yetu kwa Piriton yana historia, na historia hiyo ina malaria ndani yake. Kwa miongo mingi klorokwini ndiyo iliyokuwa dawa ya homa Afrika Mashariki, na Waafrika wengi walioimeza waliwashwa mwili mzima, mwasho wa kuchomachoma usio na vipele, uliodumu siku mbili tatu. Ikawa desturi klorokwini kwenda sambamba na Piriton. Msaada wake ulikuwa wa nusu nusu, kwa sababu mwasho ule hauletwi na histamini peke yake, lakini angalau mgonjwa alilala na usiku ukapita. Kenya iliacha kutegemea klorokwini mwaka 1998 na Tanzania mwaka 2001. Klorokwini ikaondoka, Piriton ikabaki nyumbani, kwenye kabati, kwenye pochi ya mama, ikitafuta kazi nyingine. Ikapata nyingi: mafua, kikohozi, mtoto asiyelala, kuumwa na mbu, kukosa usingizi kwa mtu mzima mwenye mawazo.

Wakati huo huo elimu ya dawa ilisonga. Mwaka 2013, katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, klofeniramini ilitoka kwenye fungu la dawa za mzio na loratadini ikachukua nafasi yake, kukiwa na angalizo kwamba dawa za kusinzisha zinaweza kubaki na kazi katika mahitaji machache. Zaidi ya miaka kumi baadaye kaunta zetu zinafanya kinyume: ya mahitaji machache ndiyo ya kwanza, ya kwanza ndiyo ya kuulizia. Kisingizio cha bei hakina uzito kama zamani. Setirizini ya kawaida, isiyo na jina kubwa la kampuni, humezwa kidonge kimoja kwa siku; Piriton humezwa vitatu hadi sita. Anayetaka kulinganisha gharama alinganishe siku nzima, si kidonge kwa kidonge.

Hasara ya usingizi huo ni kubwa kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu hauishii kitandani. Kwa mtu mzima klofeniramini hukaa sana: huchukua kama saa 20 kupungua hadi nusu, na kwa baadhi ya watu zaidi ya hapo. Anayemeza saa 3 usiku, ikifika saa 3 asubuhi zaidi ya nusu ya dawa bado inazunguka kwenye damu. Dereva wa boda boda, fundi wa msumeno, mpishi mbele ya mafuta yanayochemka, mlinzi anayetoka lindo na kuvuka barabara kuu, wote hao wameshaamka, wamekunywa chai, na bado vichwa vyao viko polepole. Mwaka 2000 huko Iowa, Marekani, watafiti waliwaweka watu 40 kwenye mtambo wa kuigiza udereva baada ya kuwapa, kwa zamu, difenihidramini miligramu 50, feksofenadini, pombe ya kiasi cha kulewa, au kidonge kisicho na dawa. Waliomeza difenihidramini waliendesha vibaya kuliko waliokunywa pombe. Waliomeza feksofenadini waliendesha sawa na wasiomeza kitu. Jambo la kutisha zaidi ni kwamba hisia ya kusinzia haikutabiri nani angeendesha vibaya. Kwa hiyo "mimi Piriton hainilazi" si kinga. Mwili huzoea hisia ya usingizi kabla ubongo haujarudisha wepesi wake wa kukanyaga breki.

Pombe ikiongezwa hapo, madhara huzidishana. Vivyo hivyo tramadoli, diazepamu, amitriptilini na dawa za kifafa zinazolegeza kama fenobabitoni. Setirizini nayo humsinzisha mtu mmoja mmoja, hasa siku za mwanzo, kwa hiyo kidonge cha kwanza kimezwe usiku wa siku isiyo na safari ya alfajiri. Loratadini na feksofenadini ndizo salama zaidi kwa anayeshika usukani.

Sasa dozi, maana hapa ndipo makosa madogo yanapojaa. Kidonge cha Piriton kina miligramu 4. Mtu mzima na mtoto aliyetimiza miaka 12 humeza kimoja kila baada ya saa 4 hadi 6, na asivuke miligramu 24, yaani vidonge 6, katika saa 24. Kwa mzee mwongozo wa Uingereza unaweka mwisho kwenye miligramu 12, vidonge 3. Setirizini ya miligramu 10 ni kidonge kimoja kwa siku. Loratadini ya miligramu 10 ni kimoja kwa siku. Levosetirizini ni miligramu 5 mara moja. Feksofenadini ni miligramu 120 kwa mafua ya aleji na 180 kwa mabaka ya ngozi, mara moja vilevile. Basi angalia linalotokea kwenye bahasha ya plastiki: muuzaji aliyezoea kuandika 1×3 kwa Piriton huandika 1×3 hata kwa setirizini, kwa mazoea ya mkono tu, na mteja huondoka na dozi mara tatu ya inayotakiwa. Bahasha hiyo mara nyingi haina jina la dawa wala miligramu. Mteja ana haki ya kuomba jina liandikwe, na nguvu ya kidonge, na saa. "Kutwa mara tatu" haitoshi. Watu humeza asubuhi saa 2, mchana saa 7 na jioni saa 12, kisha usiku mzima wanajikuna.

Daktari wa ngozi anaweza kupandisha setirizini au loratadini hadi mara nne ya kawaida kwa mgonjwa mwenye mabaka sugu yanayorudi kila siku kwa zaidi ya wiki sita. Huo ni mpango wa daktari, akiwa ameuliza kuhusu figo, ini na dawa nyingine. Si ruhusa ya mtu kujipandishia. Na haiwezekani kabisa kufanya hivyo kwa dawa za kizazi cha kwanza, ambazo zikizidi huvuruga moyo na kuleta degedege.

Kosa linaloongoza, kwa maoni ya yeyote anayeangalia mifuko ya dawa ya wagonjwa, ni kumeza antihistamini mbili au tatu bila kujua. Vidonge vingi vya mafua vya mchanganyiko vina klofeniramini pamoja na parasetamoli na dawa ya kuzibua pua, wakati mwingine na kafeini. Mtu ana mafua na macho yanawasha. Anameza cha mchanganyiko mara tatu, chenye miligramu 4 za klofeniramini. Anaongeza Piriton mara tatu. Tayari amefika miligramu 24. Usiku anakunywa kijiko cha dawa ya kikohozi yenye difenihidramini. Kama ana miaka 35 atashinda amelewalewa. Kama ana miaka 70 ataanguka njiani kwenda chooni. Dawa ya kikohozi na dawa ya mafua zisomwe nyuma ya boksi, si mbele. Mbele pameandikwa ahadi, nyuma pameandikwa viungo. Majina ya kutafuta ni chlorpheniramine au chlorphenamine, diphenhydramine, promethazine, triprolidine na brompheniramine. Likionekana mojawapo, hiyo ndiyo antihistamini yako ya siku, usiongeze nyingine.

Kwa mafua ya kawaida yenyewe, yale ya virusi, antihistamini haitibu. Klofeniramini hukausha kamasi kidogo kwa sababu inakausha utando wote wa mwili, mdomo ukiwemo, na hiyo ndiyo nafuu watu wanayoiona. Kwa mtu mwenye kikohozi cha makohozi mazito, kukaushwa huko ni hasara.

Watoto ndio wanaolipa gharama kubwa ya imani ya usingizi. Promethazini ya maji ilizoeleka kama dawa ya safari na ya usiku: mtoto analia, apewe kijiko, basi litafika Mwanza kwa amani. Mwaka 2004 mamlaka ya dawa ya Marekani iliiwekea promethazini onyo kali kwamba asipewe kabisa mtoto wa chini ya miaka 2, kwa sababu baadhi ya watoto waliopewa waliacha kupumua na wengine wakafa. Hakuna kiasi "kidogo tu" kilicho salama chini ya umri huo. Hata kwa wakubwa kidogo, kumlaza mtoto asiye mgonjwa kwa dawa ya aleji ni matumizi mabaya, hata kama bibi alifanya hivyo kwa wajukuu wote na wakakua. Tena si kila mtoto hulala. Baadhi huchachamaa, hupiga kelele, hutetemeka, na mzazi anayedhani dozi haikutosha humwongezea nyingine. Mtoto aliyezidishiwa sana huwa na joto kali, mboni kubwa, uso mwekundu, na hatimaye degedege. Huyo apelekwe hospitali mara moja pamoja na chupa au bahasha ya dawa, asitapishwe nyumbani.

Chupa yenyewe nayo ina habari yake. Oktoba 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari kuhusu dawa nne za maji za watoto kutoka kiwanda kimoja cha India zilizokutwa Gambia, mojawapo ikiwa promethazini, zikiwa zimechafuliwa na dayethilini glaikoli na ethilini glaikoli, sumu zinazoua figo. Watoto wapatao 70 walikufa. Desemba 2023 India yenyewe iliamuru mchanganyiko wa klofeniramini na fenilefrini usitumike kwa mtoto wa chini ya miaka 4. Funzo la dukani ni dogo na la wazi: dawa ya maji ya mtoto inunuliwe ikiwa na boksi, namba ya toleo, tarehe ya kuisha na jina la mtengenezaji, kutoka duka lililosajiliwa, na kifuniko kiwe hakijafunguliwa.

Mtoto mwenye aleji ya kweli, aliyetimiza miaka 2, ana dozi zinazoeleweka. Setirizini ya maji yenye miligramu 5 katika mililita 5: miaka 2 hadi 5, mililita 2.5 asubuhi na 2.5 jioni, miaka 6 hadi 11, mililita 5 mara mbili. Loratadini ya maji yenye nguvu hiyo hiyo: mwenye kilo 30 kushuka chini, mililita 5 mara moja, aliyezidi kilo 30, mililita 10 mara moja. Piriton ya maji, miligramu 2 katika mililita 5, kwa miaka 2 hadi 5 ni mililita 2.5 kila saa 4 hadi 6, isizidi 15 kwa saa 24. Miaka 6 hadi 11 ni mililita 5, isizidi 30. Chini ya miaka 2, daktari aamue. Chini ya mwaka mmoja, muuzaji anayekuuzia bila karatasi ya daktari anakukosea.

Pima kwa bomba la plastiki lisilo na sindano au kikombe kilichokuja na chupa. Vijiko vya chai vya nyumbani hutofautiana sana. Kimoja hubeba mililita 3, kingine 7. Kisha lipo kosa moja la hatari ambalo halitajwi vya kutosha: setirizini ya matone. Hiyo ina miligramu 10 katika kila mililita moja, mara kumi ya ile ya kawaida ya maji. Mzazi aliyezoea kuvuta mililita 2.5 kutoka chupa kubwa akivuta mililita 2.5 kutoka chupa ndogo ya matone, amempa mtoto wa miaka mitatu miligramu 25 badala ya 2.5. Soma "mg/ml" kila unaponunua chupa mpya, hata kama jina halijabadilika.

Kwa wazee, kizazi cha kwanza kina tabia ya pili isiyohusu histamini: hukausha na hulegeza misuli laini. Mwenye tezi dume iliyovimba anaweza kushindwa kabisa kukojoa usiku huo huo, akaishia kuwekwa mpira hospitali. Mwenye presha ya macho ya aina ya pembe iliyobana anaweza kupata maumivu makali na kupoteza uwezo wa kuona. Choo hufunga. Kumbukumbu huyumba, na familia hudhani babu ameanza kuchanganyikiwa kwa uzee, kumbe ni vidonge vya kuwashwa. Ngozi kavu ndiyo sababu kubwa ya mwasho wa wazee. Mafuta mazito ya kupaka mara mbili kwa siku, mara tu baada ya kuoga kwa maji yasiyo ya moto, yanamaliza mengi ambayo Piriton hupewa kuyatibu.

Setirizini hutolewa na figo. Mwenye kisukari au shinikizo la damu la miaka mingi ajue hali ya figo zake kabla ya kuizoea; zikiwa zimepungua nguvu kiasi, dozi hushuka hadi miligramu 5, na zikiwa zimekufa kabisa haitumiki. Loratadini hupitia ini. Mwenye ini lililochoka sana humeza siku moja na kuruka nyingine. Feksofenadini imezwe kwa maji matupu. Juisi ya machungwa, tufaha au balungi huizuia isifyonzwe, na dawa ya kiungulia yenye alumini na magnesi iachwe saa mbili mbali nayo. Mama mjamzito au anayenyonyesha kwa kawaida huchaguliwa loratadini au setirizini, kwa ushauri wa kliniki. Za kusinzisha humlegeza mtoto kupitia maziwa na zinaweza kuyapunguza.

Siproheptadini, antihistamini inayoongeza hamu ya kula, imekuwa biashara ya kunenepesha, Kinshasa na kwingineko. Kilo zinazopatikana huondoka dawa ikiachwa; usingizi na mdomo mkavu ndivyo vinavyobaki wakati wote wa kuitumia. Mara nyingi huuzwa pamoja na deksamethazoni, dawa ya steroidi, na hapo ndipo uso unapovimba, sukari ikapanda na tezi za mwili zikalala. Halihitaji mjadala mrefu: si kazi yake.

Linalohitaji mjadala mrefu ni magonjwa ambayo antihistamini huyafunika badala ya kuyatibu. Upele wa wadudu wadogo wanaochimba ngozi, scabies, huwasha zaidi usiku, kati ya vidole, kiunoni, kwenye matiti na sehemu za siri, na huwashika watu wa nyumba moja. Piriton humlaza mgonjwa huku wadudu wakihamia kwa wengine. Dawa yake ni pemethrini asilimia 5 au benzili benzoeti, kupakwa watu wote wa nyumba siku moja, na nguo na mashuka kufuliwa kwa maji ya moto. Mwasho unaweza kubaki wiki mbili hadi nne hata wadudu wakishakufa. Kipindi hicho ndicho antihistamini inapopata kazi halali. Fangasi nayo hivyo hivyo, inataka dawa ya fangasi. Pua iliyoziba kwa miezi haifunguliwi na vidonge hivi. Vinasaidia chafya, mwasho na kamasi nyepesi, lakini kuziba kunataka dawa ya steroidi ya kupulizia puani kila siku, ambayo huchukua siku kadhaa kuonyesha kazi. Pumu hainyamazishwi na antihistamini hata kidogo. Anayekohoa na kutoa mlio kifuani anataka pampu.

Kisha kuna tabia ya kumeza Piriton ili "kuivumilia" dawa inayokataa. Mtu amepewa Septrin au dawa nyingine ya salfa, siku ya tano ngozi inatoka madoa, na mshauri wa jirani anasema ongeza Piriton umalize dozi. Madoa hayo yakifuatana na homa, macho mekundu, vidonda mdomoni au sehemu za siri, au ngozi kuanza kutoa malengelenge na kubabuka, ni ugonjwa unaoua, na kila kidonge kinachoendelea kumezwa huukuza. Acha dawa iliyoleta, nenda hospitali siku hiyo hiyo, na uandike jina lake mahali utakapolikumbuka maisha yote.

Kali kuliko zote ni mzio wa ghafla unaoshika mwili mzima: baada ya kuumwa na nyuki, kuchomwa sindano ya penisilini au kula karanga, ulimi na koo vinavimba, sauti inakwaruza, kifua kinabana, mtu anatapika, anazirai. Hapo antihistamini yoyote, ya kidonge au ya sindano, haiokoi. Inachukua muda mrefu mno, na haiinui shinikizo la damu lililoanguka wala haifungui njia ya hewa. Kinachookoa ni adrenalini ndani ya msuli wa paja, upande wa nje: nusu mililita ya ile ya moja kwa elfu (miligramu 1 katika mililita 1) kwa mtu mzima, mililita 0.3 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 12, mililita 0.15 kwa mdogo wa hapo aliyezidi miezi sita, irudiwe baada ya dakika 5 kama hakuna nafuu. Mgonjwa alazwe miguu juu. Anayehema kwa shida akae, lakini asisimamishwe wala kutembezwa. Mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2021 uliiondoa antihistamini kwenye hatua za mwanzo za dharura hii, kwa sababu haitibu njia ya hewa wala mzunguko wa damu, na inaweza kuichelewesha adrenalini. Zahanati inayochoma sindano bila adrenalini mezani haijajiandaa, hata iwe na makopo kumi ya Piriton.

Piriton bado ina mahali pake. Usiku mmoja au miwili ya mabaka yanayowasha mtu akashindwa kulala, kwa mtu mzima mwenye afya asiye na safari kesho yake, pakiwa hakuna nyingine dukani, inafaa. Haifai kuwa ya kila siku. Anayehitaji dawa ya kila siku, kwa mfano wakazi wa Tanga, Unguja au Mombasa ambako unyevu hulisha wadudu wa vumbi la godoro mwaka mzima, atumie ya kizazi cha pili, saa ile ile kila siku, huku akianika godoro juani na kufua mashuka kila wiki.

Na anayetumia ya kila siku ajue namna ya kuiacha. Mei 2025 mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya kwamba baadhi ya waliomeza setirizini au levosetirizini kila siku kwa miezi au miaka walipoacha ghafla walipatwa na mwasho mkali mwili mzima ndani ya siku chache, hata wale ambao mwanzoni hawakuwa na tatizo la kuwashwa. Ni tukio adimu. Lakini mtu asiyelijua huona aleji yake imerudi kwa kishindo na kujihukumia kumeza maisha yote. Kwa wengi walioirudia dawa, mwasho ulitulia, na baadhi waliweza kuiacha kwa kupunguza pole pole, mpango huo ukipangwa na daktari au mfamasia. Anayekwenda kupimwa aleji ya ngozi yeye hana budi kuisimamisha kabla, angalau siku 3, na kliniki nyingi hutaka hadi 7, la sivyo kipimo kitasoma hana aleji hata moja.